Njia ndefu kutoka Nyawera hadi Cimpunda

Mtandao wetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, unaopita hewani kwa antena ndogo juu ya mapaa ya nyumba, ulikuwa ukituaibisha kila jioni, kuanzia saa moja, wakati umeme umerudi na watu wamerudi nyumbani. Mchana kutwa ulipitisha barua, picha na hata video bila mtu kulalamika. Jioni ilipofika, muuguzi wa zahanati ndogo iliyo juu huko Cimpunda alipotaka kuzungumza kwa sauti na daktari aliye chini Nyawera, maneno yalifika vipande vipande, na baada ya dakika mbili alikata simu akatafuta uniti za kawaida. "Papa," aliniambia siku moja, "sauti inakatikakatika, mimi nasikia tu mwisho wa maneno." Nami nikamjibu neno ambalo sikuwa nimelipima: intaneti tunayonunua ni ndogo, tuchangishane, tuongeze kasi. Tulichangishana, tukaongeza kasi mara mbili, na sauti ikazidi kuharibika.

Naandika haya kwa sababu kosa langu lilikuwa la wazi kiasi kwamba naona haya kulisimulia. Muuguzi na daktari wote wawili walikuwa ndani ya mtandao wetu wenyewe, na sava, yaani kompyuta inayounganisha simu zao, iko kwenye kabati moja Nyawera, kwa hiyo mazungumzo yao hayakuwa yakigusa intaneti hata kidogo. Yalipita hewani, kutoka paa hadi paa. Tulipoongeza kasi ya intaneti, tulichofanya ni kuwawezesha majirani kuvuta video kubwa zaidi kupitia hewa ileile, na sauti ya zahanati ikabaki na nafasi ndogo kuliko awali.

Kwa asiyeujua mji huu, Bukavu imejengwa juu ya vilima na juu ya rasi zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu, na mtu aliyesimama Nyawera akitazama upande wa Kadutu huona mabati yamepandana kama ngazi hadi juu. Umbile hilo linafaa sana kwa mtandao wa meshi, yaani mtandao ambao kila ruta (kisanduku kinachoelekeza data), licha ya kuwahudumia watu wa nyumba yake, hubeba pia pakiti (vipande vidogo vya data) za wengine na kuzikabidhi kwa ruta jirani hadi zifike zinakokwenda. Hakuna mnara mmoja mkubwa. Kuna antena ndogo nyingi juu ya nyumba za watu. Sisi tuna vituo tisa. Swali linaloamua kama mtandao wa namna hiyo utafaa kwa mazungumzo au utafaa kwa barua tu ni hili: pakiti inapotoka Nyawera kwenda Cimpunda, ipite wapi?

Kwetu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya moja kwa moja, hatua moja ya kilomita mbili na kidogo, antena kwa antena. Ya pili ilikuwa na hatua tatu: kutoka Nyawera hadi paa la duka moja chini ya mteremko, kutoka hapo hadi Nyamugo, na kutoka Nyamugo hadi Cimpunda. Itifaki, yaani kanuni ambazo ruta hufuata kuchagua njia, tuliyokuwa tumeiweka mwanzoni ilikuwa OLSR katika mpangilio wake wa asili, kama ulivyoandikwa katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 3626 wa Oktoba 2003, ambao huhesabu hatua na kuchagua njia yenye hatua chache. Kwa hesabu hiyo, moja ni ndogo kuliko tatu, na hakuna la kujadili.

Kwenye mtandao wa nyaya, hesabu hiyo ina mantiki, maana waya ama umeunganishwa ama haukuunganishwa. Hewani kiungo kinaweza kuwa hai nusu. Tena ubaya wa kuhesabu hatua ni kwamba mtandao huegemea daima kwenye viungo virefu, kwa kuwa ukitaka hatua chache lazima kila hatua iwe ndefu, na hatua ndefu ndiyo dhaifu. Ni kama kumpa mzigo mzito kuliko yote mbebaji mnyonge kuliko wote, kwa sababu tu yeye anadai kwamba atafika kwa safari moja.

Kiungo chetu kirefu kilikuwa na ugonjwa wake wa pekee. Tulipokiweka, kilikuwa kizuri. Baadaye mtu akaanza kujenga nyumba ya ghorofa katikati, na ingawa kutoka paa la Nyawera bado nilikuwa naiona antena ya Cimpunda kwa macho, mawimbi hayasafiri kama uzi mwembamba unaopita kwenye tundu la sindano. Yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kuzunguka mstari huo, inayoitwa eneo la Fresnel. Kwa masafa ya gigahezi 2.4 na umbali wa kilomita 2, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya safari ni karibu mita 8. Ghorofa ya tatu ilipomwagwa zege, ilikuwa imeingia ndani ya eneo hilo, na kiungo kikaanza kupoteza pakiti bila kukatika. Kingekatika kabisa, ruta zingehamia njia ya pili na hakuna mtu ambaye angejua. Kwa kuwa kilikuwa hai nusu, OLSR iliendelea kukipenda.

Hatua ya kwanza ya kujirekebisha ilikuwa kubadili kipimo. Mwaka 2003 Douglas De Couto na wenzake wa chuo kikuu cha MIT, waliokuwa na mtandao wa majaribio juu ya mapaa ya Cambridge huko Massachusetts, walipendekeza kipimo kinachoitwa ETX, ambacho hakiulizi kuna hatua ngapi bali kinauliza pakiti moja itahitaji kurushwa mara ngapi hadi ipokelewe na jibu la kupokelewa lirudi. Kila ruta hutuma salamu fupi kwa vipindi, majirani huhesabu ngapi zimefika, kisha unazidisha uwezekano wa kwenda kwa uwezekano wa kurudi na kugawa 1 kwa jibu hilo. Nilipopima kiungo chetu kirefu jioni moja, salamu 60 kati ya 100 zilifika Cimpunda na 50 kati ya 100 zilirudi Nyawera. Zidisha 0.6 kwa 0.5 upate 0.3, na 1 ukigawa kwa 0.3 unapata 3.33. Kila kiungo kifupi katika njia ya pili kilikuwa kinafikisha 95 kati ya 100 kwenda na 95 kati ya 100 kurudi, yaani ETX ya 1.11, na vitatu pamoja vinafanya 3.32.

Msomaji ameona tatizo: 3.33 kwa 3.32. Baada ya kubadili kipimo, mtandao wetu ukawa mbaya kuliko ulivyokuwa, kwa sababu gharama za njia zile mbili zilikuwa sawa na kila upepo ulipopita zilibadilishana nafasi. Nilikaa mbele ya daftari la ruta nikitazama njia ikihama, ikirudi, ikihama tena, mara kadhaa ndani ya dakika moja. Kila uhamisho huacha pakiti kadhaa njiani, na nyingine hufika bila mpangilio, ya nyuma ikitangulia ya mbele. Mtu anayevuta faili hatambui kitu. Mtu anayezungumza husikia nusu ya neno, kimya, kisha mwisho wa neno. Tiba ya sehemu hiyo ni ya kawaida nayo haina ustadi mkubwa: kulainisha vipimo kwa wastani wa muda mrefu zaidi, na kuiamuru ruta isiache njia iliyo nayo mpaka ile nyingine iwe bora kwa tofauti inayoonekana.

Lakini hata baada ya kutulia, ETX ilikuwa inatudanganya, na udanganyifu huu ndio ulionichukua muda mrefu kuliko yote kuutambua. Salamu zile hurushwa kwa watu wote kwa pamoja, na pakiti ya watu wote, katika Wi-Fi, kwa kawaida hutumwa kwa kasi ya chini kabisa ili hata aliye mbali aisikie. Tena ni fupi. Kwa hiyo ETX inapima jinsi kiungo kinavyobeba barua ndogo kwa mwendo wa kinyonga, kisha tunakitwisha pakiti za baiti 1500 kwa mwendo mkubwa. Kiungo chetu kirefu kiliweza kubeba data kwa megabiti 6 kwa sekunde tu, wakati vile vifupi vilikuwa vinabeba 54. Sasa fanya hesabu kwa muda badala ya idadi. Pakiti ya baiti 1500 ni biti 12,000. Kwa megabiti 6 inakaa hewani milisekunde 2, kwa megabiti 54 inakaa milisekunde 0.22. Zidisha kila moja kwa ETX yake: njia ya hatua moja inagharimu karibu milisekunde 6.7 za hewa, njia ya hatua tatu inagharimu milisekunde 0.74. Njia ndefu ni nafuu mara tisa. Kipimo kinachofanya hesabu ya namna hii kinaitwa ETT, nacho kilitolewa mwaka 2004 na Richard Draves, Jitendra Padhye na Brian Zill wa Microsoft. Mimi naona kwamba walichosema kwa ufupi ni kwamba mali ya mtandao wa hewani ni muda, na kwamba anayehesabu kitu kingine chochote anahesabu kivuli.

Tulihamia BATMAN, itifaki iliyozaliwa miongoni mwa watu wa Freifunk wa Berlin, kikundi cha wananchi wanaojijengea mitandao ya hewani, walipoona kwamba OLSR, ambayo humlazimisha kila mshiriki kuijua ramani nzima ya mtandao na kuikokotoa upya, inavilemea vile viruta vidogo kadiri mtandao unavyokua. Katika BATMAN hakuna mwenye ramani. Kila kituo kinajua jambo moja tu kuhusu kila mwenzake wa mbali: ni jirani gani wa kumkabidhi mzigo. Mtu wa Bukavu hahitaji maelezo marefu hapo, kwa sababu ndivyo tunavyompata mtu katika mji ambao nyumba nyingi hazina namba: unaambiwa shuka mpaka kwenye kinu, ukifika hapo uliza, nao watakuelekeza mpaka kwenye kanisa, ukifika hapo uliza tena. Toleo la nne la itifaki hiyo bado linapima kwa salamu za watu wote, na kwa hiyo lina udhaifu uleule niliousema. Toleo la tano linachukua makadirio ya kasi halisi kutoka kwenye kiendeshi cha redio, yaani programu inayoendesha sehemu ya ruta inayorusha na kupokea mawimbi, linaifanya kasi ya njia nzima kuwa kasi ya kiungo chake kidogo kuliko vyote, na, jambo ambalo lilinifurahisha, linaikata nusu kasi hiyo pale ambapo kituo kinapokea na kurusha kwa redio ileile ya Wi-Fi.

Kukata nusu huko kuna maana yake. Redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, na vituo vinavyosikiana kwenye chaneli moja lazima vipeane zamu. Ukiwa na hatua tatu kwenye chaneli moja, hewa ileile inatumika mara tatu kwa pakiti moja. Utafiti wa MIT wa mwaka 2001 kuhusu vituo vilivyopangwa mstari mmoja ulionyesha kwamba mlolongo mrefu, kwa nadharia, hubakiwa na robo ya kasi ya redio, na Wi-Fi ya wakati huo, kwa jinsi ilivyokuwa ikigombania zamu, ilifikia takriban moja ya saba. Mwaka mmoja kabla yake, Gupta na Kumar walikuwa wameshathibitisha kwa hesabu kwamba sehemu ya kila mshiriki hupungua kadiri mtandao unavyopanuka. Kwa hiyo, nilipokwisha kuisifia njia ya hatua tatu, ilinibidi niigharimie: tuliongeza redio ya pili ya gigahezi 5 kwenye kituo cha duka na kwenye kituo cha Nyamugo, tukaacha gigahezi 2.4 kwa ajili ya simu za watu wa nyumba. Hiyo ndiyo fedha pekee, katika mradi huu wote, ambayo sijutii.

Kuna jambo dogo nililipuuza ambalo halikustahili kupuuzwa. Simu moja ya zamani, ikiwa pembezoni mwa eneo na ikizungumza kwa megabiti 1 kwa sekunde, hukalia hewa milisekunde 12 kwa pakiti moja kubwa, muda ambao ungetosha pakiti 54 za jirani mwenye megabiti 54. Mtu huyo hajafanya kosa, na pengine anasoma ujumbe wa mama yake, ila wote wanamsubiri. Tulizima kasi za chini kabisa kwenye redio za nyumbani, na wawili watatu waliokuwa wakiunganika kwa shida kutoka ng'ambo ya bonde wakapoteza mtandao. Walilalamika, tena kwa haki, mpaka tulipowawekea kituo chao.

Baada ya hayo yote, njia ilikuwa imetulia, pakiti zilikuwa zinafika, na sauti bado ilikuwa inachelewa jioni. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba kuchagua njia na kutunza ubora wa huduma ni kazi mbili. Barabara inaweza kuwa nzuri na foleni ikawa ndefu. Linux, mfumo unaoendesha ruta zetu, kwa kawaida yake ya zamani iliruhusu pakiti 1000 kusubiri kwenye foleni ya kifaa. Ukiwa na kiungo cha megabiti 2 kwa sekunde na foleni hiyo ikajaa pakiti kubwa, anayefika mwisho anasubiri sekunde 6. Mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa mazungumzo ya sauti ni ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Foleni ndefu ilibuniwa kwa nia njema, ili pakiti yoyote isitupwe, lakini pakiti ya sauti iliyochelewa sekunde 6 ni sawa na iliyotupwa, ila tu imepoteza na muda wa wengine. Tuliweka fq_codel, programu ya kusimamia foleni, ambayo humtenganisha kila mzungumzaji na kumpa foleni yake, humruhusu mwenye mzigo mdogo kupita bila kusimama nyuma ya mwenye lori, na huanza kutupa pakiti pale zinapoendelea kukaa zaidi ya milisekunde 5, ili anayetuma ajue kupunguza mwendo. Pale Nyawera tulipunguza kwa makusudi kasi ya kutoka, tukaiweka chini kidogo ya ile tunayoilipia, ili foleni ijengeke kwenye ruta yetu tunayoitawala, isijengeke kwenye kifaa cha mtu mwingine tusichokiona. Jioni ya kwanza baada ya hapo muuguzi hakunipigia kulalamika, na hilo nililihesabu kuwa pongezi.

Kuhusu vipaumbele nitasema machache. Tangu mwaka 2005 Wi-Fi ina madaraja manne: sauti, video, mzigo wa kawaida na mzigo wa nyuma, yaani usio na haraka. Pakiti ya daraja la sauti husubiri kwa kubahatisha ndani ya nafasi fupi sana, yenye ukomo wa mwanzo wa vipindi vidogo 3 badala ya 15 vya mzigo wa kawaida, na kwa hiyo huingia hewani kabla ya wengine. Kijana mmoja wa kwetu aligundua jambo hilo akaupa mchezo wake wa kompyuta alama ya sauti. Wiki mbili baadaye walikuwa vijana watano, na daraja la sauti likawa mahali pabaya kuliko yote, kwa maana watu wengi wanaobahatisha kati ya nafasi chache hugongana. Sasa alama zinawekwa na ruta, haziwekwi na mtumiaji.

Uamuzi uliozua mabishano zaidi ulikuwa wa kukataa simu. Mazungumzo kwa kodeki ya G.711, njia mojawapo ya kugeuza sauti kuwa data, hutuma pakiti 50 kila sekunde kwa kila upande, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa, yaani anwani na maelezo ya pakiti, jumla kilobiti 80 kwa sekunde. Yanaonekana madogo, lakini hewani kila pakiti, hata iwe ndogo namna gani, hulipia zamu, utangulizi na jibu la kupokelewa, na kwa pakiti ndogo malipo hayo huzidi mzigo wenyewe. Nilipima nikaona kwamba njia yetu ya Cimpunda, wakati wa jioni, inabeba mazungumzo sita kwa utulivu na kwamba la saba linayaharibu yote. Sava sasa inalikataa la saba kwa mlio wa shughuli. Wazee wa kikundi waliona ni ukatili, wakisema kwamba wanaobanana hupata wote nafasi. Kwenye benchi la kanisa ni kweli. Hewani, yule wa saba hapati nafasi, na wale sita wanapoteza walizokuwa nazo.

Kile kiungo kirefu sikukiondoa. Nilikiacha na adhabu kubwa kwenye kipimo chake, kiasi kwamba hakiwezi kuchaguliwa kama kuna njia nyingine yoyote. Mwezi uliopita umeme ulikatika Nyamugo kwa siku mbili, betri ya kituo chetu ikaisha saa mbili usiku, na njia ya hatua tatu ikafa katikati. Saa tatu na robo muuguzi alimpigia daktari. Pakiti zilipita juu ya ile ghorofa, ambayo sasa imeshaezekwa, kwa megabiti 6 kwa sekunde, nyingi zikirushwa mara tatu au nne. Walizungumza dakika kumi na moja. Kesho yake nilipomuuliza sauti ilikuwaje, alisema daktari alikuwa kama mtu aliye ndani ya pipa, lakini alimsikia.